Siku Tandiko la Mama Lilipokwenda Shule

Shule yetu iko nyuma ya nyumba, kwenye baraza iliyozungushiwa wavu wa kuzuia nzi. Ina meza tatu, kompyuta moja, kengele iliyovuliwa shingoni mwa ng'ombe, na mwalimu mmoja ambaye pia ni mpishi, muuguzi, dobi na fundi wa pampu. Mwalimu huyo ni mama yetu, Nerida. Mji ulio karibu nasi ni safari ya asubuhi nzima kwa gari, na mvua ikinyesha hata gari halifiki, kwa hiyo watoto wa ranchi kama yetu husomea nyumbani. Mwalimu Pascoe hutufundisha kutoka mjini kupitia kompyuta, kipindi kimoja kwa siku. Saa zote zinazobaki ni za Mama.

Mimi naitwa Bridie na nina miaka kumi na miwili. Mdogo wangu Lachie ana tisa, na kwa kelele analingana na zizi zima la ndama walioachishwa kunyonya. Tess ana minne. Kila asubuhi saa mbili Mama alipiga kengele, akamketisha Tess sakafuni na rangi zake, kisha akakaa katikati yangu na Lachie. Saa nne alimimina chai kwenye kikombe chake cha bluu, akakiweka dirishani, akavuta kiti. Hapo ndipo sisi tulipoanza. Mama, hesabu hii siielewi. Mama, Lachie ananipiga teke. Mama, Tess anakula chaki. Adhuhuri chai ilikuwa baridi kama maji ya mtungi, na Mama aliimwaga nje kwenye mlimau ulioota chini ya dirisha. Mlimau ule ulinawiri kuliko yeye.

Kusema kweli, Mama alikuwa amechakaa. Chakula chake cha mchana kilikuwa maganda ya mkate tuliyoyaacha sisi. Kichwa kilimuuma karibu kila siku, naye alikifunga kitambaa akaendelea na imla. Baba alipomwambia apumzike, alijibu kwamba atapumzika watoto wote wakimaliza darasa la kumi na mbili. Tess ana miaka minne. Piga hesabu mwenyewe.

Zamani hakuwa hivyo. Sebuleni kuna picha yake akiwa juu ya farasi, amelala ubavu hata buti lake linakaribia kugusa ardhi, mbele yake ng'ombe anakata kona. Hayo ndiyo mashindano ya kutenga ng'ombe, mchezo unaopendwa kuliko yote huku kwetu. Mpanda farasi huingia peke yake katika zizi lenye kundi la ng'ombe, akachagua mmoja, akamtenga na wenzake. Akiona amemdhibiti, huita, "Lango!" Walinzi hulifungua, na hapo ni mbio uwanjani. Lazima amzungushe ng'ombe yule kwenye vigingi viwili, kisha ampitishe katikati ya vingine viwili kabla mwamuzi hajapiga mjeledi wa kumtoa. Mama aliyaacha mashindano hayo mwaka nilioanza darasa la kwanza.

Kila Alhamisi ndege ya barua hutua kwenye uwanja wetu wa vumbi. Huleta barua na vipuri, na huchukua gunia la kazi zetu kwenda kusahihishwa. Alhamisi moja Mama alikuwa amekesha na Tess mwenye homa. Macho yake yalikuwa mekundu, na alimpa rubani magunia mawili badala ya moja. Nilidhani la pili ni buti za Baba zinazokwenda kushonwa.

Jumatatu tulifungua kompyuta kama kawaida. Wenzetu nao walitokea kwenye kioo, kila mmoja kwenye baraza ya kwao, kutoka ranchi hadi ranchi. Mwalimu Pascoe alitusalimu, akainama chini ya meza yake, akainua kitu kikubwa cha ngozi kwa mikono miwili.

"Lachie," alisema, "nimezoea kazi zako kuja na madoa ya jemu. Lakini hii imenishinda kusahihisha."

Lilikuwa tandiko la farasi. Darasa zima liliangua kicheko, na Lachie akacheka kuliko wote kwa sababu alidhani amepata alama. Mimi sikucheka. Nililijua tandiko lile, lenye mkwaruzo mrefu ubavuni, ndilo la kwenye picha ya sebuleni. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu Pascoe aliona. Aliwapa wanafunzi hadithi ya kusoma kimya, kisha akamwita Mama karibu na kompyuta. Mama alieleza kwa sauti ndogo kwamba alichanganya vibandiko vya magunia kwa uchovu. Gunia lile lilikuwa la fundi wa matandiko mjini, kwa hiyo bila shaka vitabu vyetu vilikuwa kwa fundi.

"Alitengeneze wapi? Mimi silioni lilipoharibika," alisema Mwalimu Pascoe.

"Hatengenezi. Anauza."

Kikombe kiligonga meza nyuma yetu. Baba alikuwa ameingia kwa chai ya saa nne, kofia bado mkononi. Alimuuliza Mama ameamua lini kuuza tandiko lake. Mama alijibu kwamba ameamua siku nyingi, kwamba ngozi isiyotumika huoza, na heri mtu mwingine alitumie.

"Mimi sikujua," alisema Baba.

"Hukuuliza, Glen."

"Nawe hukusema."

Tess alichagua wakati huohuo kusema anataka kukojoa, na Mama aliinuka mbio. Mwalimu Pascoe alimzuia. Alisema baba mtu yupo na mlango anaujua. Baba akamchukua Tess, na hapo Mwalimu akazungumza na Mama kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia mwalimu akizungumza na mtu mzima.

"Nerida, nani alikwambia mwalimu mzuri ni yule anayekaa ubavuni mwa mtoto tangu asubuhi mpaka jioni? Bridie ni mkubwa. Mwache akwame kidogo. Asiyekwama hajui kujikwamua." Kisha akaongeza kwamba mwisho wa mwezi ujao kuna mashindano kule Wirrin Creek, yana raundi ya wanawake, na yeye atakuwepo akiuza pai za nyama kuchangia shule. "Sasa niambie. Nilipeleke tandiko kwa fundi, au nilirudishe kwako?"

Mama alitazama dirishani, kwenye kikombe chake cha bluu. Alisema hawezi. Nani atafundisha?

"Mimi," alisema Baba kutoka mlangoni.

Lachie alicheka mpaka akaanguka kutoka kitini. Baba hajui hata chaki zinakaa wapi. Lakini Baba hakucheka. Alisema Jumanne na Alhamisi, tangu chai mpaka chakula cha mchana, darasa ni lake, na ng'ombe watasubiri. Mama alituangalia mmoja mmoja, kana kwamba anaomba ruhusa. Nilimwambia Mwalimu Pascoe alirudishe.

Alhamisi tulikuwa uwanjani kabla hata ndege haijasikika. Tulikimbia katikati ya vumbi lake huku Tess akipiga makofi. Rubani alishuka na tandiko begani, akamkabidhi Mama kwa heshima zote.

"Mwanafunzi wenu amefukuzwa shule," alisema. "Kutwa analala, na kusoma hajui."

Mama alicheka. Ni miaka sikuwa nimesikia kicheko kile, kinachoanza kwa kukoroma kidogo. Alilibeba tandiko mwenyewe mpaka bandani na hakumruhusu mtu amsaidie.

Msidhani mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Siku ya kwanza Tangawizi, farasi jike wa Mama, ambaye alikuwa amenenepa na kuzoea uvivu, alimtupa chini mara moja tu na kwenda zake kula majani. Darasani nako kulikuwa vita. Baba alimfundisha Lachie hesabu za sehemu kwa dawa ya minyoo ya ng'ombe, robo chupa kwa ndama, nusu chupa kwa mama yake, na dakika kumi baadaye walikuwa wanabishana kuhusu ng'ombe gani ana minyoo. Mimi nilikwama kwenye swali la kasi na umbali. Nilifungua mdomo kuita, "Mama," kisha nikakumbuka. Nilifuta, nikachora mchoro, nikafuta tena. Jibu lilipokuja niliruka kitini. Lilikuwa langu peke yangu, hakuna aliyenishikia kalamu.

Kazi kubwa ilikuwa kumzuia Mama asirudi. Akisikia kiti kinaanguka, anatokea dirishani kuuliza kuna nini. Alhamisi ya pili Tess alijigonga goti akapiga ukelele wa kuamsha wafu. Nilimwona Mama akiruka kutoka juu ya Tangawizi na kuja mbio, hatamu akiziacha zinaburuzwa chini. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi.

"Mama, rudi. Baba anaye."

"Analia, Bridie."

"Analia, na ataacha. Wewe mwenyewe hutuambia hivyo."

Tulisimama tukitazamana. Sijazoea kumwambia mama yangu la kufanya, lakini sikumpisha. Ndani, kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa kicheko. Baba alikuwa anamfunga bandeji ya ng'ombe kutoka kifundo cha mguu hadi kiunoni. Mama aligeuka polepole, akamfuata farasi wake.

Tangu siku hiyo alibadilika kwa macho yetu. Alikula chakula kwenye sahani yake mwenyewe, akiwa amekaa. Alilala mapema, na kile kitambaa cha kichwa kikageuka kuwa cha kufutia vumbi. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba akawa mwalimu bora. Alipoketi na Lachie kusoma, alikuwa anasikiliza kweli, tena anacheka mahali pa kucheka.

Siku ya Wirrin Creek ikafika. Magari yalikuwa yamezunguka uwanja wote, harufu ya pai na ya ng'ombe imechanganyika, na wenzetu wa kwenye kompyuta wakawa watu kamili wenye miguu. Tulikimbia huku na huku mpaka tukasikia kipaza sauti kikilitaja jina la Mama. Tulipanda juu ya uzio, Baba akimshika Tess begani.

Mama aliingia zizini. Alizunguka kundi bila haraka, akachagua mtamba mwekundu mwenye macho ya ukorofi, akamtoa pembeni. Mtamba alijaribu kurudi kwa wenzake kushoto, Tangawizi akamkata. Akajaribu kulia, akakatwa tena. Watu walianza kushangilia. Ulikuwa wakati wa kuita, kila mtu aliuona. Lakini Mama hakuita. Alimzuia tena, na tena, kana kwamba angeweza kuendelea hivyo mpaka jua lizame. Mwamuzi aliinua mkono wenye mjeledi.

"Ita, Nerida," alinong'ona Baba. "Ita."

Walinzi walikuwa wameshika komeo wakimtazama. Sheria ni sheria, hawafungui mpaka mpanda farasi aseme mwenyewe. Mtamba aliinamisha kichwa kujitupa kundini, na mimi nikafumba macho.

"Lango!"

Ilikuwa sauti ileile anayotuitia kutoka upande wa pili wa bwawa. Nilifumbua macho mbao zikifunguka na vumbi likilipuka. Mtamba alichomoka, Mama nyuma yake, tandiko lile la mkwaruzo limelala ubavu hata buti likakaribia kugusa ardhi. Kigingi cha kwanza. Kigingi cha pili, nacho kwa upana wa mkono tu. Lachie alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Walipopita katikati ya vigingi vya mwisho magari yote yalipiga honi kwa pamoja, na Baba, ambaye hulia mvua ikinyesha tu, alijifanya vumbi limemwingia machoni.

Alikuwa wa tatu. Alipewa utepe wa kijani, na Tess akaomba mbwa wetu avalishwe. Mwalimu Pascoe alituletea pai nyuma ya gari na kikombe cha chai kwa Mama. Nilimuuliza Mama kwa nini alichelewa vile kuita. Alikunywa chai kwanza, ikitoa mvuke.

"Nilikuwa nimezoea kuzunguka ndani, mwanangu," alisema. "Tangu uanze darasa la kwanza nimekuwa nazunguka, nazuia huku, nazuia kule, nikingoja mtu aone nimechoka anifungulie. Walinzi hawakuwa wabaya. Baba yenu hakuwa mbaya. Walikuwa wanangoja niite. Kujitunza si kuwanyima ninyi, na kuomba msaada si aibu. Nanyi pia, mkimpenda mtu anayewahudumia, msingoje mpaka apeleke tandiko shule."

"Na walimu wote waseme amina," alisema Mwalimu Pascoe, akachukua pai ya pili.

Jumatatu kengele ililia saa mbili kama kawaida. Utepe wa kijani ulikuwa umening'inia ubaoni. Saa nne Mama alimimina chai kwenye kikombe cha bluu, akavuta kiti hadi dirishani, akaketi.

"Mama," aliita Lachie, "hesabu hii siielewi."

Mama aliinua kidole kimoja. Alikunywa taratibu, mpaka tone la mwisho, akauonyesha mlimau kikombe kitupu. Alipogeuka, Lachie alikuwa ameshapata jibu.