Ubao Mpya wa Kompyuta ya Mama

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alikula haraka haraka, kisha akaiwasha kompyuta ya mezani iliyokuwa kwenye kona ya sebule. Alikuwa na saa moja tu. Mama akirudi kutoka zahanati, zamu ilikuwa yake. Mama alikuwa mhudumu wa wagonjwa, na kwa miaka miwili alikuwa akisoma uuguzi kwa njia ya mtandao. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatatu, na angeufanyia kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Jumatano kompyuta iliganda. Alhamisi ilizimika yenyewe mara tatu, na baada ya hapo haikuwaka tena.

Jioni hiyo akaitwa fundi wa kompyuta, jirani wa nyumba ya tatu. Aliifungua ubavuni, akamulika tochi ndani, akatikisa kichwa. "Ubao mama umekufa. Tazameni vikopo hivi vilivyovimba."

"Ubao mama?" Bibi akauliza kutoka kwenye kiti chake. "Na ubao baba uko wapi?"

Wote walicheka, isipokuwa Mama. Fundi akaeleza kwamba ubao mama ndio ubao mkubwa ambao sehemu zote nyingine huchomekwa juu yake. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na memori zilikuwa bado nzima, kwa hiyo walihitaji ubao unaozikubali. Akaandika aina yake kwenye karatasi. "Msichukue wenye mbwembwe nyingi, mtalipia urembo. Wala msidanganyike na wa bei ya kutupa usio na waranti. Tafuteni wa kawaida, imara, wenye vyuma vya kupoza joto."

Ijumaa mchana Mama na Chiriku walikwenda dukani. Macho ya Chiriku yalinasa kwenye ubao mmoja kabatini, uliokuwa ukiwaka taa nyekundu, bluu na zambarau.

"Mama, huu! Tazama unavyong'aa!"

Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani, ambaye Mama alikwisha kumweleza kuhusu mtihani, akatabasamu. "Taa hazimfanyii mtu mtihani, mdogo wangu." Akaisoma karatasi ya fundi, akatoa boksi la rangi ya kahawia. "Huu hauna makeke. Tumeuza nyingi, na wateja hawajarudi na malalamiko. Waranti yake ni miaka mitatu."

Simu ya Mama ikalia, akatoka mlangoni kuipokea. Muuzaji akafunua kifuniko kidogo katikati ya ubao. Chini yake palijaa vijisindano vyembamba kama nywele. "Hapa ndipo prosesa inapokaa. Vyote vimenyooka, umeona?"

"Nimeona, dada."

Walipofika nyumbani, Mama aliliweka boksi mezani. "Fundi anakuja kesho asubuhi. Usiliguse." Kisha akaondoka kwenda kazini kwa zamu ya jioni.

Chiriku alijaribu kusoma, lakini boksi lilimvuta. Je, kama ubao huu nao una taa, hata moja tu? Bibi alikuwa amesinzia. Chiriku akautoa ubao polepole, akaugeuza huku na huku. Hakuona taa yoyote. Akafunua kile kifuniko kidogo, na alipovuta mkono, uzi uliochomoza kwenye sweta yake ukanasa. Akauvuta. Uzi ulitoka, lakini pembeni vijisindano viwili vilikuwa vimelala upande.

Akafunika, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. "Ni viwili tu," alijiambia. "Viko mamia. Havitaonekana."

Asubuhi fundi alifunga ubao, akachomeka waya, akabonyeza kitufe. Feni ilizunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi. Akaizima, akaitoa prosesa, akainama na kioo cha kukuzia.

"Vimepinda hapa. Nimekosea kutoangalia kabla ya kufunga. Mmeununua ukiwa hivi?"

Mama akamgeukia binti yake. "Uliugusa?"

"Hapana, Mama." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Basi tunarudi dukani," Mama alisema, akimwomba fundi autoe ubao na kuurudisha boksini. "Kesho wamefunga, na keshokutwa ndio mtihani."

Njiani Mama alitembea mbio mbio, boksi limekumbatiwa kifuani. Chiriku alimfuata nyuma. Alitamani duka liwe limefungwa. Alitamani mvua inyeshe. Lakini duka lilikuwa wazi, na mwenye duka mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni.

"Mmeniuzia kitu kibovu," Mama alisema.

Muuzaji alifunua kifuniko, akatazama, akapauka. "Vilikuwa vimenyooka, mama. Nilivikagua."

"Mwezi uliopita pia ulisema umekagua," mwenye duka akadakia. "Mzigo mwingine ukirudi kwa uzembe wako, utatafuta kazi kwingine."

"Lakini huu niliukagua kweli! Nilimwonyesha binti huyu." Muuzaji alimgeukia Chiriku. Vidole vyake vilikuwa vikicheza na ukingo wa kaunta. "Mdogo wangu, si uliona?"

Wote watatu wakamtazama. Chiriku aliona kwamba akinyamaza, dada huyu atafukuzwa. Akajikaza.

"Niliona. Vilikuwa vizima," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi, Mama. Niliufungua jana. Uzi wa sweta ulinasa. Nilikudanganya."

Mama alifumba macho kidogo, kisha akamwambia muuzaji, "Nisamehe, mwanangu. Nimekuja kwako na hasira isiyokuhusu." Mwenye duka akakohoa, akaingia ndani.

Waranti haikuhusu vijisindano vilivyopindwa na mteja. Walirudi na ubao ule ule. Njiani Mama alimpigia fundi simu aje tena.

Fundi alisogeza meza dirishani. "Ni kijisindano kipi ulikigusa kwanza? Uzi ulivutwa kuelekea wapi?" Chiriku alimwonyesha. Fundi alishika sindano ya kushonea, akazuia pumzi, akakiinua cha kwanza. Cha pili kilimchukua nusu saa, jasho likimtiririka. Mama alisimama nyuma yake, mikono imekunjwa, midomo ikisali bila sauti.

Prosesa ikarudishwa mahali pake, kitufe kikabonyezwa. Skrini ikabaki nyeusi. Fundi akahamisha memori kwenye nafasi ya jirani, akabonyeza tena. Maandishi meupe yakajitokeza.

"Nafasi moja ya memori imekufa moja kwa moja," alisema fundi. "Zilizobaki zinatosha. Ningevinyoosha kwa kubahatisha, vingekatika. Nimejua pa kuanzia kwa sababu Chiriku kaniambia."

Mama akamshika Chiriku bega. "Umesikia? Kuharibu kunaweza kumpata yeyote. Lakini ulipoficha, karibu dada wa watu apoteze kazi, na mimi mtihani wangu. Ukiharibu, njoo uniambie siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Nitakasirika, ndiyo. Ila tutatengeneza pamoja."

"Nimesikia, Mama."

"Haya. Sasa nipishe kiti, nataka kusoma."