Abiria wa Pazia la Massoudi

Mwaka ule wa 1996 Burundi haikuwa na hata hatua moja ya reli, lakini mtaani Buyenzi kulikuwa na treni. Ilikuwa ya zile mpya za Ulaya za mwendo wa kasi, pua ndefu kama mdomo wa bata, imechorwa kwenye pazia la studio ya Massoudi mpiga picha. Massoudi, kwa tamaa ya wateja, alikata dirisha moja la kweli ili mtu akae nyuma ya pazia aonekane anasafiri.

Kasoro ya kwanza ilikuwa upepo. Nyuma ya pazia palikuwa na kiti na ukuta tu, lakini kitambaa cha kichwani cha Candide, mjane wa mtaa wa Kinama, kilipepea. Aliingia akimlilia mumewe aliyeuawa wiki ile, akatoka macho makavu. Massoudi akampa pole tena.

"Pole ya nini?" Candide akashangaa. "Mi sijaolewa."

Habari ya dirisha linalosahaulisha wafu ikaenea kimyakimya. Vita vilikuwa vimewachosha watu hata wakachoka kulia, wakapanga foleni. Massoudi alipiga picha bila kuuliza, kwa kuwa moyo wake nao ulikufa ganzi tangu guruneti lilipomuua mwanawe wa pekee, Atumani, sokoni. Aliogopa kitu kimoja tu: mkewe Mwanasiti asiketi pale, amwachie msiba peke yake.

Ijumaa moja alitoka msikitini akamkuta dirishani.

"Mama Atumani, toka," alinong'ona.

"Niache kwanza. Mi nimechoka."

Akamkimbilia, lakini harufu ya chuma kilichoungua ikamkaba, sakafu ikatetemeka, na kutoka kwenye yale madirisha mengine yaliyokuwa rangi tupu akasikia minong'ono ya watu wengi wakitaja majina, ya waume, ya wana, ya dada, sauti zikienda mbali, zikizidi kwenda mbali, hadi katikati yao mtoto akaita "Baba!" mara moja, kisha kimya.

Majirani walimleta maalimu. Alisoma, akafukiza ubani, akalichoma pazia uani, na ndani ya moto ikalia honi ndefu iliyosikika mtaa mzima.

"Jini imetoka," maalimu akasema kwa sauti ya chini. "Lakini chenye ilibeba, haitarudisha. Ukimwambia bibi yako, atafiwa upya."

"Mama Atumani," Massoudi akaita.

Mwanasiti akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Akasogelea picha ya Atumani ukutani, akaitazama sana.

"Huyu mutoto ni wa nani? Iko na macho mazuri."

Massoudi alitaka kulia, machozi yakagoma.

"Ni wa muteja moja," akasema. "Bado hajakuya kuchukua picha."

"Uitunze vizuri," Mwanasiti akasema. "Mama yake atakuya."