Gari Lililogoma Kuwaka

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi umeme wa magari. Mwenzake wa kazi alimwomba wakutane kwenye gereji moja isiyo na taa, watazame gari lililogoma kuwaka. Alipofika alimkuta mwenzake ameshakaa kwenye usukani, gizani. Wakasalimiana. Rafiki yangu akafungua boneti, akapima betri na fyuzi. Vyote vizima.

"Piga stata!"

Ta. Kimya.

Simu ya rafiki yangu ikaita. Aliyepiga alikuwa mwenzake, analia.

"Ndugu yangu, nisamehe. Hilo gari nililikimbia mimi, nikakutupia wewe. Sijatoka nyumbani. Usiliguse!"

Usaliti ule ulimuuma kuliko hofu. Mtu waliyekula naye sahani moja!

Ndipo kutoka kwenye usukani sauti ileile ya mwenzake ikauliza taratibu, "Nipige tena?"