Piga Mluzi Kwanza

Ilikuwa saa sita mchana, giza totoro, maana kwetu huku kaskazini kabisa mwa dunia jua likizama Novemba hulioni tena hadi Februari. Nilikuwa jikoni na supu yangu ya sili, yule mnyama wa baharini. Mdogo wangu Ilannguaq akatoka kukwangua barafu kwenye vipimo vya upepo, kazi ya kila siku. Kahawa yake akaiacha mezani, akaniambia nisiimwage.

Ujarneq, mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa, akamfuata hadi mlangoni, na alipotoka akatia komeo kwa ndani. Yule mtu alikuwa na roho mbaya, nasema wazi. Alimcheka mdogo wangu kwa kuogopa mianga ya kijani inayocheza angani. Sisi tumelelewa tukijua ile mianga ni wafu wanacheza mpira, na mpira wenyewe ni kichwa cha mtu. Ukiwapigia mluzi, wanashuka kuchukua kingine. Ujarneq naye kalelewa hivyohivyo, ila alikaa mjini akarudi akijiona.

Mlango ukagongwa.

"Mkuu, nimemaliza. Nifungulie."

"Piga mluzi kwanza. Mwanamume mzima unaogopa taa?"

Nikamwambia aache utoto, mtu anaganda huko nje. Nikalishika komeo. Akanisukuma nikaangukia jiko, mkono ukaungua. Dirishani anga lote lilikuwa la kijani, linachezacheza.

"Dada... vidole sivisikii tena."

"Usipige, Ilannguaq!"

Akapiga.

Mluzi mwembamba, wa midomo iliyoganda.

Mbwa wa kituo waliokuwa wakibweka nje wakanyamaza wote. Kisha juu ya paa... mluzi ukajibu.

Ujarneq alipofungua, mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kizingitini, kofia ya koti imefungwa kamba vizuri. Nikaivuta. Ndani hamkuwa na kitu. Hata damu, hakuna.

Polisi walikuja na helikopta, wakasema ni dubu. Nyayo za dubu waliziona wapi, wanajua wenyewe. Theluji ilikuwa safi.

Tukabaki wawili, mimi na Ujarneq. Vipimo vikaganda, naye nje hataki. Mchana mmoja anga lilikuwa jeusi, limetulia, akajipa moyo akatoka.

Nikatia komeo.

Nikasubiri. Anga likaanza kuwa kijani.

Akagonga. Akaniita dada, akaniita mama, majina yote mazuri ambayo hakuwahi kuniita.

"Piga mluzi kwanza," nikamwambia.

Hakuthubutu. Alilia, akabembeleza, akakwaruza mbao kwa kucha. Mimi nakoroga supu. Alikuwa bado anabembeleza mluzi ulipopigwa, palepale pembeni yake.

Mwembamba. Wa midomo iliyoganda.

Sikufungua hadi kimya kilipoingia. Yeye nilimkuta kama nilivyomkuta mdogo wangu, na sikumlilia.

Nilidhani yameisha. Lakini sasa kila mchana mlango hugongwa, polepole, kwa adabu, kama Ilannguaq alivyokuwa akigonga. Halafu anaulizia kahawa yake ileile.

"Dada... kahawa yangu hujaimwaga?"

Maneno ni ya mdogo wangu. Sauti, kama kichwa, ni ya Ujarneq.