Ubao Uliokataa Kunyooka

Seremala aliupiga randa tena ubao wa mlango. Akainua ubao, akafumba jicho la kushoto, akautazama kwa la kulia kama alivyozoea. Bado umepinda. Akaurudisha benchi, akapiga tena. Tangu asubuhi hakuwa ametulia.

"Kaka, utaumaliza," mdogo wake alisema huku akipiga msasa. "Mwenye mlango tutampa vijiti vya kuchokolea meno."

"Mbao za siku hizi hazifai."

Mdogo wake akautazama ubao. "Ulikuwa umenyooka. Sasa ndiyo umeupinda."

Seremala akafikicha jicho la kulia. Bila jicho la kupimia, mikono peke yake ingemlisha nini?

Mwenye mlango alifika kuulizia kazi yake. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani. Ndugu hao wote wawili walichukua kwake dawa za kisukari. Aliposikia habari za ubao, hakucheka.

"Fundi, tazama fremu ya dirisha. Jicho moja moja."

Kwa la kushoto, fremu ilinyooka. Kwa la kulia, ilijikunja kama moshi.

"Umepima macho lini?"

"Mbona hayaumi, dada."

"Hapo ndipo unapodanganyika. Sukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, kimya kimya. Jicho zima hulifichia lile bovu. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Wewe usingoje, nenda hospitali leo. Na mdogo wako naye apimwe."

Hospitalini walimtia matone ya kupanua mboni, wakapiga picha nyuma ya macho.

"La kulia mishipa inavuja, limevimba ndani," daktari alisema. "Tutalichoma sindano. La kushoto ndiyo kwanza linaanza, tumeliwahi. Dhibiti sukari na presha."

"Sindano ya jicho?" Seremala akainuka, akakaa, akainuka tena.

"Kuna ganzi. Ukikimbia, ubao utautazama kwa jicho lipi?"

Akakaa.

Baada ya sindano kadhaa, fremu ya dirisha ilianza kunyooka. Mlango wa muuguzi ulifungika vizuri, bila kukwama. Ila mdogo wa seremala, kila siku ya kliniki ya macho, alikuwa na udhuru mpya.

Asubuhi moja seremala alimpokonya msasa.

"Twende."

"Kaka, mimi naona hata nzi aliye darini."

"Ndiyo maana tunakwenda leo," seremala alisema, akafunga karakana.