Wimbo wa Kona ya Barabara ya Kumi na Nne

Saa moja na robo asubuhi, pale Ngamiani, baiskeli mia mbili kwa dakika zilikuwa zikivuka kona ya Barabara ya Kumi na Nne, na hakuna hata moja iliyoshika breki. Zilizotoka Makorora zilikatiza zilizotoka Chumbageni, gurudumu mbele ya gurudumu, kama mtu anayesuka ukili wa mkeka. Hapakuwa na taa wala askari wala kengele. Mgeni akisimama pale mara ya kwanza hufumba macho akingoja kishindo, na wenyeji humcheka. Ondoa wasiwasi, humwambia, Manju yuko kazini.

Manju ni jina ambalo watu wa Tanga waliupa mtambo unaoongoza baiskeli zao, kwa kuwa unauimbisha mji mzima. Kila mwendeshaji hubandika kisikizi nyuma ya sikio, kidude kisichozidi punje ya kunde, na muziki humfikia kwa kupitia mfupa. Masikio yenyewe hubaki wazi. Kazi iliyobaki hufanywa na miguu, maana mtu akisikia ngoma miguu huifuata, wala hilo halifundishwi shuleni. Manju akitaka wa Makorora wachelewe sekunde mbili, huwapa wimbo wa taratibu. Akitaka wa Chumbageni wawahi, huwachangamshia ngoma. Miguu inatii kabla kichwa hakijaulizwa, na watu wanapishana salama salimini huku kila mmoja akidhani yumo kwenye starehe zake.

Kabla ya mtambo huo, mji ulikuwa ukizika watu arobaini kwa mwaka kwa ajali za baiskeli peke yake. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu na hakuna aliyezikwa. Mhandisi Tunu Semhando alikuwa mmoja wa watatu walioujenga, na sehemu yake ndiyo ile inayomchagulia kila mtu wimbo. Alikuwa na majivuno kidogo kwa hilo, tuseme ukweli. Nani asingekuwa nayo?

Jumanne moja alipita Mabawa kumjulia hali mama yake, akaikuta baiskeli ya kijani ya mama imetundikwa stoo, matairi yote mawili hayana upepo.

"Shikamoo, mama. Baiskeli imeharibika?"

"Marahaba. Baiskeli nzima."

"Mbona umeitoa upepo?"

"Mimi na njia ile basi tena," alisema Bi Mwantumu, akaendelea kuchambua mchele.

Tunu alishtuka. Mama yake alikuwa na miaka sitini na minane na hajawahi kukosa kupanda baiskeli, iwe mvua iwe jua, kwenda Ngamiani kwa shoga yake Bi Mishi. Siku moja anakwenda huyu, siku ya pili anakuja yule, miaka arobaini. Na Jumamosi ile Bi Mishi alikuwa anahama. Treni ya saa nne ingempeleka Kigoma kwa binti yake, akaishi huko moja kwa moja.

"Hutakwenda kumuaga?"

"Nimuage mtu anayenipasha?"

Hapo ndipo yakatoka yote. Kwa miezi miwili, alisema, kila akifika kwenye kona ya Barabara ya Kumi na Nne, hatua kumi kabla ya mlango wa Mishi, kisikizi humletea wimbo ule ule wa taarabu. *Ulipewa nyumba, kufagia kukakushinda. Mwenzio kashika ufagio, sasa walia nini?* Zamani mtu akitaka kukupasha aliweka redio dirishani ukipita. Siku hizi Mishi ana mkwe fundi wa visikizi.

"Mama, kutumiana nyimbo kwa visikizi kulifungwa mwezi wa pili tu wa mtambo, baada ya watu kupigana ngumi Makorora kwa sababu ya kupashana. Hakuna anayeweza kukutumia wimbo."

"Fundi anaweza."

"Hata fundi hawezi. Na wimbo ni wimbo tu, hata mimi ungeweza kuniangukia."

Mama akaweka ungo chini. "Baba yako alipoondoka ulikuwa na miaka tisa. Watu niliwaambia nimemfukuza mimi. Wewe pia nilikwambia hivyo."

"Ndiyo."

"Sikumfukuza. Nilipanda baiskeli mpaka Pangani kumbembeleza arudi. Nilifika uani kwao nikamkuta yule mwanamke anafagia. Kajifunga kanga yake, anafagia pole pole kama yuko kwake, na kweli alikuwa kwake. Nikageuza baiskeli. Sikupiga hodi." Akauvuta ungo karibu. "Habari ya ule ufagio nimemwambia mtu mmoja tu duniani. Sasa niambie wewe msomi, wimbo umejuaje?"

Tunu alimwonea huruma mama yake, lakini moyoni alitabasamu, maana jibu alikuwa nalo. Alimweleza kwamba pale konani lazima wa kutoka Mabawa wachelewe sekunde mbili, kwamba wimbo ule una mapigo sitini na mawili kwa dakika, na kwamba Manju huangalia mapigo tu.

"Nyimbo za mapigo sitini na mawili ziko ngapi?"

"Kama elfu nane."

"Elfu nane," alisema Bi Mwantumu. "Na kila nikipita naangukiwa na huo huo."

Tunu alikunywa chai yake. Akaaga.

Kesho yake mchana, ofisini, alifungua jedwali la mama yake, yaani kumbukumbu ya nyimbo zote alizopewa na Manju. Jambo hilo halikuwa limefanywa na mtu yeyote kabla, si kwa sababu ya katazo, bali kwa sababu hapakuwa na haja. Mji ulikwenda vizuri, na waendeshaji walikuwa namba. Alikuta kwamba Manju alimjaribu mama yake kwa nyimbo mia moja na kumi na sita pale konani. Zote zilimpunguza kidogo tu, maana Bi Mwantumu ni mbishi hata wa miguu. Wimbo wa mia moja na kumi na saba ulimpunguza sekunde mbili kamili. Safari iliyofuata tena. Na ya tatu tena. Baada ya hapo Manju hakujaribu mwingine.

"Manju," Tunu aliuliza kwa sauti, "kwa nini wimbo huu?"

"Kwa sababu unapunguza sekunde mbili," mtambo ulijibu. "Nyingine hazifikishi."

"Unajua maneno yake yanasema nini?"

"Sisomi maneno. Nasoma miguu."

"Na miguu yake inafanya nini?"

"Inalegea."

Tunu alisukuma kiti nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia Manju amri hiyo: jaribu, pima, shika kinachofaa. Hakuandika kwamba kinachofaa kisiumize. Haikumpitia akilini kwamba njia ya mkato ya kumpunguza mtu mwendo ni kumgusa palipo na kidonda.

"Wangapi wana wimbo mmoja usiobadilika namna hii?"

"Elfu thelathini na moja."

Alifungua wachache. Mtu mmoja alipewa wimbo wa kubembelezea mtoto kila akikaribia zahanati. Mwingine alipigiwa wimbo wa shule iliyofungwa zamani. Kisha, kwa woga, Tunu akaandika namba yake mwenyewe.

Ilikuwa pale relini, karibu na Chuda. Kila asubuhi hapo humjia wimbo wa zamani wa dansi, ule aliokuwa akiupigia mluzi baba yake alipompakia kwenye keria kumpeleka chuo cha Kurani. Tunu hakuwahi kuuchukia. Kila akipita relini alimkumbuka baba, akapunguza mwendo. Miaka mitatu alidhani ni yeye anayemkumbuka. Kumbe alikuwa akikumbushwa, ili baiskeli za Chuda zipate kupita. Alilia pale pale mezani, kwa uchungu na kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani.

"Nikiziondoa nyimbo hizi zote?" aliuliza alipotulia.

"Kwa makadirio yangu, watakufa watu tisa kwa mwaka."

Alizima kioo cha kompyuta akaenda nyumbani kwa miguu.

Siku mbili nzima alilibeba hilo peke yake. Ijumaa jioni alikwenda Mabawa, akamweleza mama yake kila kitu, tangu nyimbo mia moja na kumi na saba mpaka wimbo wa relini. Bi Mwantumu alimsikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo si Mishi."

"Si yeye, mama."

"Ni wewe."

"Ni mtambo."

"Mtambo nimeuzaa mimi?" Mama alimtazama mpaka Tunu akainamisha kichwa. "Miezi miwili nimekaa nikimlaani mwanamke aliyeniuguza mimi na wewe. Nimemfungia mlango, Tunu. Alikuja na kikapu chake, nikamwacha nje akibisha hodi, nami nimekaa humu humu ndani kimya."

"Nisamehe, mama. Kesho asubuhi nitaufuta wimbo huo kwenye jedwali lako."

"Acha. Nataka niusikie nikijua hautoki kwake." Akavuta pumzi. "Na wale wengine elfu thelathini, umewaambia?"

"Nikiwaambia watavua visikizi. Watu watakufa."

"Basi na wavue wakijua. Mimi sikuulizwa." Akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Lete pampu, tia upepo."

Jumamosi saa mbili na nusu walitoka pamoja, mama mbele na Tunu nyuma. Njia ilikuwa imejaa watu waendao sokoni, kila mmoja na ngoma yake mfupani, nyuso zimetulia. Bi Mwantumu alinyonga pedeli kwa nguvu, mgongo umenyooka. Walipoikaribia kona, Tunu aliona mabega ya mama yake yakishuka, akajua wimbo umeingia. Pedeli zikapungua. Sekunde moja. Sekunde mbili. Hapo ndipo ilipompasa apite.

Hakupita. Aliteremsha mguu akasimama katikati ya kona.

Tangu Manju aanze kazi hakuna baiskeli iliyowahi kusimama pale. Wa nyuma walishika breki zilizokuwa zimekwisha kusahau kazi yake, zikapiga kelele. Gurudumu likaingia kwenye gurudumu. Trei ya mayai iliruka, na mzee mmoja mwenye balaghashia akaanguka kwa kiwiko. Kisha kengele zikaanza, moja moja, nyingine zimeshika kutu, ndri ndri, mpaka mtaa mzima ukajaa kengele.

"Bibi, vipi? Utatuua!"

"Nisubirini, wanangu," alisema Bi Mwantumu. "Kuna mtu namuaga."

Bi Mishi alikuwa mlangoni pake, mwanamke mfupi mwenye miwani, mabegi mawili miguuni. Alikuwa ametoka kutazama kelele. Akamwona aliyezileta.

"Mwantumu. Umekuja kuniaga au kunitukana?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilidhani unanipasha. Kila nikipita hapa, ule wimbo wa ufagio."

Bi Mishi alimkodolea macho. "Wa ufagio? Mimi? Wewe ndiye unayenipiga na ule wa kulea mwana wa watu, kila nikifika kwenye kona yako ya Mabawa."

Bi Mwantumu aliziba mdomo kwa mkono. Yule binti wa Kigoma Bi Mishi alimlea tu, hakumzaa, na hilo lilikuwa jambo ambalo haligusiki. "Tangu lini?"

"Mwezi wa tano huu."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nilijua una lako moyoni, likiisha utanyamaza. Nikawa nakuja vile vile."

"Ulikuwa unapigwa na maneno hayo, kisha unaingia kwangu kunywa chai?"

"Chai yenyewe iliki tupu," alisema Bi Mishi, na sauti ikamkatika, "lakini nilikunywa."

Wakashikana pale kizingitini, vizee viwili vinalia mbele ya watu mia tatu.

Manju alisema mfupani mwa Tunu: "Kona imeziba. Niwaongezee mwendo walio mbele?"

"Waache."

"Kuna aliyeumia."

"Nimemwona."

Alilaza baiskeli yake pembeni akamwendea yule mzee mwenye balaghashia, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa njia akishika kiwiko kinachovuja damu. Tunu alivua mtandio, akakifunga. Mzee alimshukuru. Alisema si kitu, ni mchubuko tu.

"Pole sana, mzee wangu," alisema Tunu. "Samahani nikuulize. Ukifika kwenye kona hii, kisikizi chako huwa kinakuletea wimbo gani?"

Mzee alikaza mtandio kiwikoni. Kengele zilikuwa bado zinalia.

"Aliokuwa akiuimba marehemu mke wangu akipika," alisema. "Kila asubuhi, hapa hapa. Sijamwambia mtu. Nilijua ni yeye ananisalimia." Akakunja uso. "Wewe umejuaje?"

Tunu alipiga magoti kwenye vumbi, macho yake sawa na ya mzee.

"Si yeye, baba," alisema. "Ni mimi."