Kasuku na Hotuba ya Kiu

Kila asubuhi mama alimmiminia Kasuku kikombe cha chai, na kila asubuhi Kasuku alipiga mafunda mawili tu, akakisukuma kikombe katikati ya meza. Mama yake alikuwa dobi. Chumba chao cha mbele kilijaa kamba, kwenye kamba kulikuwa na nguo za watu, na mtu akitaka kufika mlangoni ilimbidi ainame chini ya suruali za wateja.

"Chai hiyo unamwachia nani?" mama aliuliza, pasi ikiwa mkononi.

"Nimeshiba, mama."

Hakuwa ameshiba hata kidogo. Alikuwa akiogopa choo cha shule.

Tusifichane, choo kile kilikuwa uchafu mtupu. Kilijengwa nyuma ya madarasa, lakini harufu yake haikungoja mtu afike. Ilimlaki kwenye kona na kumsindikiza mpaka mlangoni. Wanafunzi walikuwa wamejitafutia dawa yao: asubuhi usinywe kitu, mchana usinywe kitu, na kengele ya kutoka ikilia, timua mbio nyumbani. Hakuna mwalimu aliyewafundisha somo hilo, ila shule nzima ililijua vizuri kuliko hesabu. Wala hakuna aliyelitaja, kwa kuwa mtu akizoea kuziba pua hufika mahali akasahau kwamba ameiziba. Kasuku, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa miongoni mwa waliosahau.

Jina hilo la Kasuku alipewa na wenzake kwa uhodari wa kukariri. Mdogo wake wa darasa la kwanza aliitwa Chiriku, maana hakunyamaza hata usingizini. Mama aliwaambia wateja kwamba yeye hana nyumba, ana tundu la ndege.

Muhula huo Kasuku alichaguliwa kuhutubia Siku ya Wazazi. Mgeni rasmi angekuwa afisa elimu, na mada ilikuwa usafi. Kasuku aliandika kwa bidii. Akaweka kucha, meno, nzi, mbu, mifuko ya plastiki, upandaji wa miti, lishe bora na nidhamu, kisha akafunga kwa kuushukuru uongozi wa shule "kwa mazingira yake yanayopendeza". Akakariri yote bila kukosea hata nukta.

Mazoezi yalifanyika ofisini kwa mwalimu mkuu. Mzee wa watu alisikiliza huku akitabasamu, hasa pale palipotajwa mazingira yanayopendeza.

"Hii ndiyo hotuba!" alisema. "Haikuacha kitu!"

Pembeni alikuwa ameketi mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwa Kifupi, kwa sababu ukimpelekea maelezo marefu alikukata katikati kwa kuuliza, "Kwa kifupi?" Mbele ya mkubwa wake hakusema neno. Walipotoka nje aliwaita wanafunzi wawili waliokuwa wakisikiliza dirishani.

"Kasuku kasema nini?"

"Kasema tukate kucha," alijibu wa kwanza.

"Acha uongo wewe, kasema tupande miti," alidakia wa pili.

Mwalimu akamgeukia Kasuku. "Hawa wamesikiliza kwa hiari yao, tena kivulini. Mzazi aliyekaa juani ataondoka na lipi?"

"Lakini mwalimu, yote niliyosema ni kweli."

"Ni kweli, sikatai. Ila mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika kumi. Hebu niambie, katika hayo yote, lipi linakukera wewe mwenyewe? Lipi likitajwa unakunja uso?"

Kasuku alifikiri. Miti haikumkera. Kucha hazikumkera.

"Hakuna," alisema.

"Basi hotuba bado huna. Katafute jambo moja ambalo usipolisema litakukaba koo. Ukilipata, kila neno lilitumikie hilo. Yaliyobaki yote kata, hata yawe matamu namna gani."

Kasuku aliondoka amenuna. Aliona mwalimu amemwonea.

Mchana huohuo kelele zilitokea darasa la kwanza. Kasuku alipochungulia aliona watoto wamepanda juu ya madawati, wanacheka na kuziba pua. Katikati yao alisimama Chiriku. Sketi yake ilikuwa imelowa na mkojo ulikuwa ukimchuruzika hadi kwenye soksi.

"Kikojozi! Kikojozi!"

Kasuku aliona aibu, na aibu ikamtia hasira. Alimkamata mdogo wake mkono akamburura hadi nyumbani, huku akimkaripia njia nzima. "Msichana mkubwa kama wewe! Kwa nini hukuomba ruhusa?" Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakujibu.

Mama aliitia sketi kwenye beseni bila kumgombeza mtu. Lakini alipomwogesha, mtoto alilia kwamba akikojoa anaumia kama anachomwa. Wakaenda zahanati. Muuguzi aliwapa dawa, akasema mtoto huyo hanywi maji ya kutosha na anabana mkojo kutwa nzima.

"Unabana kwa nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Niliomba ruhusa nikaenda," Chiriku alisema polepole. "Nikafika mlangoni. Kuna wadudu weupe wanatembea pale pa kukanyaga. Nikarudi. Mimi shuleni siendi tena."

Hakuwa akideka. Asubuhi iliyofuata aliukumbatia mguu wa meza ya kupigia pasi, na hakuna aliyeweza kumbandua. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Mtoto aliyekuwa akiamka gizani kutafuta begi lake sasa alijificha chini ya shuka za wateja kila alipoisikia kengele ya shule kwa mbali.

Kasuku aliamua kwenda kuona alichokiona mdogo wake. Alikuwa hajaingia mle chooni kwa muda mrefu. Milango miwili ilikuwa imeng'oka. Sakafu ilikuwa na dimbwi la rangi asiyotaka kuitaja, na watoto walikuwa wamepanga mawe ya kukanyagia. Ukutani palikuwa na alama za vidole, na si vya tope. Nzi walitulia kana kwamba wao ndio wenye nyumba. Kisha akawaona wale funza, wanene, wanapanda kwenye jiwe ambapo mguu wa mtoto mdogo ungepaswa kutua. Kasuku alitoka mbio, akashika ukuta, akatapika.

Alikuwa bado anafuta mdomo aliposikia sauti ya mwalimu mkuu upande wa pili.

"Siku ya wageni hapa patiwe kufuli," alikuwa akimwambia fundi rangi. "Wageni watatumia choo cha walimu. Na ule ukuta wa mbele uuongezee mkono mmoja wa rangi, ung'ae."

Kinyaa alichokisikia Kasuku hapo kilizidi kile cha funza. Funza hawana akili, hufuata uchafu walimozaliwa. Huyu alikuwa mtu mzima, anajua, na bado anapaka rangi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Halafu akakumbuka maneno yake mwenyewe, "mazingira yanayopendeza", aliyoyaandika kwa mwandiko mzuri na kuyapigia mstari.

Alimkuta Mwalimu Kwa Kifupi akisahihisha madaftari.

"Mwalimu, nimelipata."

"Kwa kifupi?"

"Katika shule yetu, mtoto akitaka kusoma lazima akae na kiu."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Mezani kwake palikuwa na glasi ya maji, imejaa, na funguo za choo cha walimu kando yake. Aliviangalia vyote viwili kwa muda.

"Una hakika ni wote, si wewe na mdogo wako tu?"

Kasuku hakuwa na hakika. Wakati wa mapumziko alipita darasa hadi darasa akiuliza swali moja: leo umekunywa nini? Wakubwa walicheka, wadogo walitazama chini, lakini jibu lilikuwa lilelile. Akarudi kwa mwalimu, wakakaa na ile hotuba ndefu. Kucha zikatoka. Miti ikatoka. Mbu, meno na lishe bora vikatoka. Shukrani kwa mazingira Kasuku alizifuta mwenyewe, kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Mwalimu mkuu atakasirika," alisema.

"Atakasirika, na mimi ataniuliza. Hilo niachie. Wewe sema kweli tupu, usimtukane mtu, na usimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa."

Siku ya Wazazi ukuta wa mbele uling'aa hadi ukaumiza macho. Wazazi walijaa kwenye viti, wanafunzi wakaketi kwenye nyasi, na afisa elimu, mama mnene mwenye miwani, aliandaliwa soda baridi mezani. Mama yake Kasuku alikuwa safu ya nyuma na Chiriku mapajani, amevaa gauni la nyumbani.

Kasuku alisimama. Safari hii hakuwa na mengi ya kusahau.

"Mgeni rasmi, walimu wetu na wazazi wetu, shikamooni. Nina jambo moja tu. Katika shule yetu, mtoto akitaka kusoma lazima akae na kiu."

Mwalimu mkuu aliacha kutabasamu.

"Asubuhi hatunywi chai, na ninyi wazazi mnadhani tumeshiba. Mchana hatunywi maji. Tunafanya hivyo kwa sababu choo chetu kinatia kinyaa, na leo kimefungwa kufuli. Mdogo wangu wa darasa la kwanza alibana mkojo mpaka akaugua, na sasa ameikataa shule. Mimi mwanzoni nilikuwa nimeandika kwamba mazingira yetu yanapendeza. Nilidanganya, naomba radhi. Wanafunzi wenzangu, kila ambaye hajanywa kitu tangu alipoamka, anyooshe mkono."

Mkono mmoja ulijitokeza nyuma, wa mtoto mdogo, nao ukaanza kushuka kwa woga. Ukafuata wa pili. Kisha ikanyooka safu nzima, na nyingine, mpaka nyasi zote zikajaa mikono iliyonyooka.

Mzazi mmoja alisimama na kumwangalia mwanawe. "Hata wewe?"

"Hata mimi, baba."

Mama yake Kasuku alijifunika uso kwa kiganja. Afisa elimu aliisogeza ile soda mbali naye, kama mtu aliyeona nzi ndani yake.

"Ufunguo wa choo uko wapi?" aliuliza.

Mwalimu mkuu alijipapasa mfuko huu na huu. "Nadhani... umepotea, mheshimiwa."

"Nina nyundo kwenye baiskeli!" alipaza sauti mzazi mmoja, fundi seremala. Ufunguo ulipatikana papo hapo.

Afisa elimu aliingia akiwa wima, akatoka ameinama, mtandio mdomoni. Wazazi walimfuata mmojammoja. Wengine walitema mate, wengine walitoka wakitukana chinichini. Hakuna aliyerudi kuusifu ukuta. Kikao cha wazazi kilichokuwa kimepangwa kuwa cha chakula na picha kikawa cha choo, na hakikuvunjika mpaka kila mtu alipojua atachangia nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na siku hiyo maradhi yalikuwa yameumbuliwa mchana kweupe.

Shimo lilinyonywa, milango ikapachikwa, tangi la maji likasimamishwa, na wadogo wakatengewa vyumba vyao. Mafundi miongoni mwa wazazi walifanya kazi bila malipo. Zamu za usafi zikaanza, hata walimu wakiwamo. Mwalimu mkuu alikaa siku nyingi bila kuitikia salamu ya Kasuku. Mwishowe, asubuhi moja kwenye mstari, alisema mbele ya wote, "Nilipaka rangi nilipopaswa kusafisha. Aliyeniambia alikuwa mtoto, na alisema kweli." Hakuongeza lingine, akaenda kukagua choo akiwa ameshika ndoo.

Siku hiyohiyo mama alimleta Chiriku. Mtoto alikuwa ametoa sharti: ataingia chooni kwanza, ndipo aamue. Mama na Kasuku walimngoja nje, pale kwenye kona ambako zamani hakuna mtu angesimama.

"Mwanangu," mama alisema, "siku ukiitwa tena kusema mbele za watu, usihangaike kutafuta maneno ya kupendeza. Tafuta jambo moja ambalo kila mtu analipita ameziba pua. Liseme hilo peke yake mpaka lieleweke. Ungesema mambo kumi, leo tungekuwa tunapiga makofi na mdogo wako yuko chini ya meza."

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, na Chiriku akatoka amekunja uso, mikono kiunoni.

"Nani katoka humu sasa hivi hajamwaga maji?" alipiga kelele mpaka madirisha ya madarasa yakafunguka. "Namuuliza mtu! Arudi!"

Msichana mmoja wa darasa la saba, mrefu kama mlingoti, alirudi kichwa chini akachukua kopo.